Sauti Kwanza, Kamera Baadaye: Video za Ridhaa Arusha na Kandokando ya Mlima Meru

Video ya ridhaa, yaani ile inayotengenezwa na mtu asiye na studio wala ajira ya kazi hiyo, kwa vifaa vilivyomo nyumbani mwake, imekuwa njia ya kawaida ya kujieleza kwa wakazi wengi wa jiji la Arusha na wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Mwongoza watalii huonyesha wanyama na njia za porini, mkulima wa Tengeru huelekeza namna ya kubebesha miche ya parachichi, kwaya ya usharika huweka nyimbo zake YouTube, na vijana wa Kijenge au Sakina huigiza vichekesho vya dakika moja kwa ajili ya TikTok. Hata hivyo, nyingi ya kazi hizo huachwa na mtazamaji kabla hazijafika katikati, na wenye kazi, wakitafuta sababu, huishia kuilaumu simu yao na kuanza kudunduliza fedha za kununua kamera. Lawama hiyo haina msingi. Simu janja ya bei ya kati inayouzwa leo hutoa picha inayotosha kabisa kwa mtandao, na kinachomfukuza mtazamaji ni maneno yasiyosikika, nyuso zilizoingia giza na habari ambayo mtengenezaji hakuifikiria kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Ushahidi wa karibu unapatikana Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, ambako Isaac Nabwana, kupitia kampuni yake ya Ramon Film Productions, alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? iliyotoka mwaka 2010. Kompyuta aliyoitumia kuhariri aliiunga mwenyewe kwa vipuri vilivyokwishatumika, silaha za maigizo ziliundwa kutokana na vyuma chakavu, na waigizaji walikuwa watu wa mtaani waliojitolea. Lakini kionjo cha filamu hiyo kilipowekwa YouTube kilipata watazamaji hata nje ya Afrika, na mtaa ukapata jina la Wakaliwood. Nchini Tanzania, Kili Paul, kijana mfugaji wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, alianza kujulikana mwaka 2021 kwa video fupi za simu ambamo alifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi akiwa katika mazingira ya kijijini kwao, na Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima rasmi. Ubora wa lenzi haukuwa na sehemu kubwa katika mafanikio ya watu hawa wawili; kila mmoja alionyesha kitu ambacho mwingine hangeweza kukionyesha kwa namna ileile.

Fedha ya kwanza, basi, iende kwenye sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini havumilii kukaza masikio dakika tano ili apate neno moja moja, na hasa asiye na data ya kutosha kwenye bando lake huona kwamba anachomewa fedha. Tatizo hutokana na tabia ya kimaumbile ya sauti yenyewe: mahali pa wazi, nguvu ya sauti hupungua hadi robo kila umbali kati ya mdomo na kipaza sauti unapoongezeka maradufu, kwa hiyo simu iliyowekwa mita mbili kutoka kwa msemaji hupokea sehemu ndogo sana ya maneno yake, huku ikipokea kwa ukamilifu honi za vifodi, yaani daladala, vya Barabara ya Sokoine, mashine ya kusaga ya jirani na upepo unaoshuka mlimani. Kifaa kinachotatua jambo hili kwa gharama ndogo kuliko chochote kingine ni maiki ya kubana kwenye nguo, ambayo hukaa kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu. Mfano unaojulikana sana madukani ni BOYA BY-M1, wenye waya wa mita 6, kibetri kidogo na swichi ya nafasi mbili, moja ya simu na nyingine ya kamera. Swichi hiyo ikaguliwe kila mara, kwa sababu kazi ya nusu siku inaweza kuharibika kwa kuiacha upande usiofaa. Simu zisizo na tundu la mviringo la milimita 3.5 huhitaji kiunganishi cha ziada, na baadhi ya programu za kamera zilizokuja na simu huipuuza maiki ya nje bila kutoa taarifa yoyote, ndiyo maana watumiaji wa Android hushauriwa kupakua Open Camera, programu ya bure inayoruhusu kuchagua chanzo cha sauti.

Asiye na uwezo wa kununua maiki hajafungiwa mlango. Simu ya pili, hata ya zamani, huwekwa katika mfuko wa shati la msemaji ikiwa imewashwa kinasa sauti, kisha mtu hupiga kofi moja mbele ya kamera kabla mazungumzo hayajaanza. Wakati wa kuhariri, mlio wa kofi katika rekodi zote mbili hulinganishwa, sauti safi hubakishwa na ile ya kamera hufutwa. Kwa maelezo yanayosomwa bila msemaji kuonekana, chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa ni bora kuliko sebule tupu yenye vigae, kwa kuwa vitambaa humeza mwangwi, na wapo wanaojifunika blanketi pamoja na simu yao wakapata sauti isiyo mbali sana na ya studio. Jambo moja halina dawa: nyumba ya mabati isiyo na dari wakati wa mvua ya masika. Aliye katika nyumba hiyo kati ya Machi na Mei apange kurekodi asubuhi, au aahirishe.

Inafaa kuitazama hali moja kwa karibu, kwa sababu ndimo makosa mengi hukutana. Mama wa kijiji cha Nkoaranga, upande wa kusini-mashariki wa Meru, anataka kuonyesha jinsi anavyochuma na kumenya kahawa chini ya migomba. Kivuli cha migomba si kivuli kimoja. Ni viraka vya jua na giza vinavyocheza kila upepo unapopita, na kamera ya simu, inayojirekebisha yenyewe kufuata mwanga, huifanya picha ing'ae na kufifia, ing'ae na kufifia, hadi mtazamaji achoke. Dawa yake ni kugusa uso wa mama huyo kwenye kioo cha simu na kushikilia kidole hadi alama ya kufunga itokee, hatua inayoitwa kufunga mwanga na umakinifu, yaani kuizuia kamera isibadilishe kiasi cha mwanga inachopokea wala umbali inaoulenga. Mama akae pale kivuli kilipo kizito na sawa, mgongo wake ukiwa upande wa mgomba na si upande wa anga, maiki ibanwe kwenye ukingo wa kitenge mahali ambapo mikono haitaikwaruza, na anayerekodi anyamaze kabisa kwa sekunde 10 kabla ya swali la kwanza, ili zipatikane sauti za shamba lenyewe ambazo baadaye zitatumika kuziba mapengo ya uhariri. Mikono inapomenya punje, isogelewe hadi ijaze kioo kizima. Mtazamaji wa mjini ambaye hajawahi kuona ute wa kahawa mbichi atajifunza zaidi hapo kuliko katika maelezo ya dakika nzima.

Suala la nyuso lina historia inayostahili kujulikana. Katika miongo ya katikati ya karne ya 20, maabara za picha za rangi zilisahihisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, maarufu kama kadi za Shirley zilizotolewa na kampuni ya Kodak, na matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu ngozi nyeusi ilitoka kwenye picha kama doa lisilo na sura. Kamera za kisasa zimeboreshwa, lakini bado hukisia mwanga kwa wastani wa picha nzima, hivyo mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe au anga ya mchana huwa kivuli. Hili si kosa la ngozi, na halitibiwi kwa programu za kung'arisha uso, ambazo huwafanya wazee wa Kimeru na wasichana wa Kiarusha waonekane kama watu wengine. Hutibiwa kwa kuchagua mandharinyuma yenye rangi iliyokolea, kuufunga mwanga usoni na kumweka msemaji akielekea dirisha badala ya kulipa mgongo.

Arusha ipo takriban nyuzi 3 na nusu kusini ya ikweta, na kwa hiyo jua hupanda haraka na kukaa karibu na utosi kwa saa nyingi, likichora vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua. Saa nzuri za kurekodi nje ni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Kwa anayetaka mlima uonekane, asubuhi mapema ndiyo tumaini kubwa zaidi, kwa kuwa kilele chake chenye zaidi ya mita 4,500 mara nyingi huvikwa mawingu kadiri siku inavyosonga. Miezi ya Juni na Julai, ambayo wengi huichukia kwa baridi na mawingu yasiyoondoka, ni hazina kwa mtengenezaji wa video za mahojiano: wingu lililotanda hufanya kazi ya taa kubwa laini isiyolipiwa umeme. Upande wa Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, ambako mvua ni haba na udongo ni wa majivu ya volkano, vumbi ni adui wa kweli wakati wa kiangazi, na simu ifungwe katika mfuko usiopitisha vumbi mara inapokosa kazi.

Ndani ya nyumba kuna kasoro ambayo wengi huiona bila kujua chanzo chake, nayo ni mistari inayopanda na kushuka kwenye picha au taa inayopepesa. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo wake kwa masafa ya mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa za mirija na za LED hupepesa kwa kufuata mzunguko huo, ilhali simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, hesabu inayooana na umeme wa Marekani wenye mizunguko 60. Fremu ni picha moja tuli kati ya zile zinazofuatana kwa kasi hadi jicho lione mwendo. Kasi ikiwekwa kuwa fremu 25, au muda wa mwanga kuingia ukawekwa kuwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari hiyo kwa kawaida hutoweka.

Kuhusu uthabiti wa picha hakuna haja ya maneno mengi: stendi ya miguu mitatu ya bei ndogo inatosha, na pasipo stendi, simu iegemezwe kwenye kikombe chenye mchele. Mchezo wa kukuza picha kwa vidole uachwe. Anayetaka ukaribu atembee. Simu ilazwe kwa upana kwa kazi ya YouTube na isimamishwe wima kwa TikTok, na uamuzi huo ufanywe kabla ya kurekodi, maana kubadili baadaye hukata vichwa au miguu ya watu.

Hifadhi ya kazi ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Video ya kiwango cha 1080, yaani yenye mistari 1,080 kutoka juu hadi chini, huchukua kwa kawaida megabaiti 100 hadi 130 kwa kila dakika, na ile ya kiwango cha 4K huchukua karibu mara tatu ya hapo, kiasi kwamba saa moja ya mahojiano inaweza kuijaza simu nzima. Nabwana wa Wakaliga alilazimika kuifuta rekodi halisi ya filamu yake ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata, na nakala iliyobaki kuonyeshwa duniani ni ile ya DVD yenye sauti ya msimulizi VJ Emmie akieleza na kutania juu ya picha. Filamu ilivyokuwa bila sauti hiyo haitaonekana tena. Kanuni salama ni nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, mathalani kadi ya kumbukumbu na diski ya nje, kabla rekodi haijafutwa kwenye simu. Kiwango cha 4K hakina faida kwa mtu wa ridhaa ambaye watazamaji wake hutumia simu na bando la kuhesabu.

Hesabu ya bando inahusu upakiaji pia. YouTube inapendekeza video ya 1080 ya kasi ya kawaida ihifadhiwe kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambazo ni sawa na megabaiti 60 kwa dakika, kwa hiyo kazi ya dakika 10 itakula takriban megabaiti 600. Ikishushwa hadi kiwango cha 720 kwa megabiti 5, itakula kama 375. Wengi hupakia usiku wa manane kwa bando za usiku. Kwa jamaa na majirani, WhatsApp hufaa, ila ikumbukwe kwamba video inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa hadi ubora upotee, na inayotumwa kama hati hufika ilivyo. Uhariri wenyewe hufanyika vizuri kwa CapCut au InShot kwenye simu, na kwa Shotcut au DaVinci Resolve kwa mwenye kompyuta. Kazi kubwa ya mhariri ni kukata, na anayeanza ajizoeze kuondoa salamu ndefu za mwanzo ili habari ianze katika sentensi ya kwanza.

Muziki humponza mtengenezaji mgeni. Kuweka wimbo wa msanii wa Bongo Fleva chini ya maelezo bila kibali ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, na YouTube ina mfumo wa kompyuta uitwao Content ID unaoutambua wimbo na kuweza kumpa mwenye wimbo mapato yote ya video hiyo. YouTube yenyewe ina maktaba ya sauti za bure. Hata hivyo njia inayopendeza zaidi ni kurekodi kwaya au mpiga ngoma wa kijijini kwa makubaliano yaliyoandikwa, jina lake likatajwa na chochote kikalipwa.

Sheria nyingine hazipaswi kuogopwa wala kupuuzwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitolewa mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, na kwa kuwa masharti ya leseni na ada yamebadilika kila mara, anayekusudia kurusha habari na matukio aulize kwanza katika ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) Kanda ya Kaskazini, iliyopo Arusha. Filamu na kazi za kibiashara huihusu Bodi ya Filamu, na kurekodi kibiashara ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha huhitaji pia kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Ndege zisizo na rubani zina utaratibu wake wa vibali, na hazirushwi hifadhini wala karibu na viwanja vya ndege vya Kisongo na KIA kwa kubahatisha.

Zaidi ya vibali vya serikali kuna kibali cha mtu anayerekodiwa. Eneo hili limetazamwa na kamera za wageni kwa muda mrefu. Howard Hawks aliipigia filamu yake Hatari! ya mwaka 1962 sehemu za Momella, na tangu hapo mgeni na mwenyeji wamezoea kumchukulia mwenye lubega kama pambo la picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa ridhaa uzito wa kisheria, lakini adabu ilitangulia sheria: mfanyabiashara wa Soko la Kilombero aombwe kabla ya kamera kuinuliwa, aelezwe video itawekwa wapi, na akikataa, aachwe. Mtoto asirekodiwe bila mzazi kukubali, na mgonjwa au aliyepatwa na ajali asirekodiwe kabisa.

Wapo wanaoingia katika kazi hii kwa matumaini ya kipato. Ili YouTube igawane na mtengenezaji mapato ya matangazo, chaneli ya video ndefu inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Kabla ya hapo Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani, kwa hiyo sanduku la posta, ambalo vijana wengi wanaliona ni la zamani, linahitajika. Mwenye duka, shamba au ufundi atapata faida mapema zaidi kwa wateja wanaomwona kuliko kwa matangazo, na asiye na biashara asiache kazi yake kwa kutegemea saa hizo 4,000.

Utajiri wa kweli wa mtu wa ridhaa wa Meru ni ukaribu wake na mambo ambayo hakuna kampuni ya filamu itakayokuja kuyatafuta. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi, na mwaka 1952 mwakilishi wao Kirilo Japhet alikwenda New York kuyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Nyaraka za malalamiko hayo zipo, lakini sauti za watoto waliotembea na mifugo na mizigo siku zile ni chache, na waliokuwa na miaka 10 wakati huo sasa wamevuka 80. Kwa simu, maiki ya kubana na kivuli cha mti, mjukuu anaweza kurekodi kwa Kimeru au Kiswahili majina ya mito, mipaka ya mashamba na nyimbo zilizoimbwa njiani, akaweka maandishi ya tafsiri chini ya picha na nakala ya pili kwa ndugu mwingine. Mwenye mzee wa namna hiyo katika ukoo wake asisubiri kamera. Aombe ridhaa yake na aanze mwezi huu.